Barua Zilizokwisha Kufunguliwa

Kabla Mkwe hajaunganisha visanduku vyake, kazi kwetu ilianza kwa kusomewa. Karakana yetu inatengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani: mmoja mfupi kuliko mwenzake, au umepinda, au unyayo ni bapa kama sahani. Vituo sita vinapima wagonjwa na kututumia barua pepe kwenye anwani moja ya kundi. Barua zote zinaingia sanduku moja, na mtu yeyote wa ofisini anaweza kulifungua. Kwa miaka kumi na minne aliyelifungua ni mama yangu mdogo.

Alikuwa anafika kabla ya saa moja, anawasha kompyuta, anavaa miwani, na mafundi wakishakaa kwenye meza zao anaanza. Alisoma kila kitu. Alisoma "natumaini hamjambo", alisoma jina la mpimaji na cheo chake, alisoma mpaka namba ya simu iliyo chini. Ndiyo maana walimwita Mama Barua. Hakuna fundi aliyegusa kisu kabla hajajibu "nimesikia". Ukinyamaza anakusomea tena, polepole zaidi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mimi nilikuwa nashona ngozi za juu. Yeye ndiye aliyenileta pale nilipomaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo. Naishi kwake mpaka leo.

Mkwe ni mkwe wa mwenye karakana, amemwoa binti yake wa pili. Sisi wengine hatujamwozesha mtu, lakini jina lilishakaa, hata wanaotuletea ngozi wanamwita hivyo hivyo. Alipoletwa kusimamia ofisi, wiki ya kwanza hakusema neno. Alikaa pembeni na saa ya mkononi akampima Mama Barua anavyosoma.

"Dakika thelathini na nane," alimwambia mama mkwe wake. "Mafundi watano, dakika thelathini na nane, wamekaa kama wako msibani."

"Ndivyo tulivyozoea," mwenye karakana akasema.

"Basi acha niwazoeshe kingine, Mama."

Nilidhani ataandika yale maandishi ya kompyuta yasiyosomeka. Hakuandika. Kwenye skrini yake palikuwa na visanduku vya rangi, na yeye akawa anavuta mshale kutoka kisanduku hiki kwenda kile. Cha kwanza kilisema: barua ikiingia kwenye anwani ya kundi. Cha pili: kama ina kiambatisho, kichukue. Cha tatu: kiweke kwenye folda ya pamoja, kwa namba ya mgonjwa. Cha nne: andika mstari kwenye jedwali la kazi. Cha tano: mpelekee fundi mwenye zamu. Zikanunuliwa tableti tano, zikafungwa ukutani mbele ya kila meza.

Siku ya tatu akaniita.

"Wewe huongei sana, na macho yako yanaona. Utakaa hapa asubuhi, utazame kama kila kiambatisho kimefika kwenye folda na kila mstari umeingia kwenye jedwali. Basi."

"Mimi nimeishia la saba, Mkwe."

"Hii haitaki shule. Unaiambia tu, kikitokea hiki fanya kile. Hata kupika ni hivyo hivyo."

"Kupika mtu anaonja."

Akacheka, akanisogezea kiti.

Mwenye karakana alitutangazia kwamba tutaijaribu mwezi mmoja. Mambo yakienda vizuri mwezi mzima, Mama Barua atapumzika. Alilisema neno hilo kwa upole, akimgusa bega. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, akafuta miwani yake kwa pindo la nguo.

Nyumbani alikuwa na maneno zaidi.

"Kupumzika. Nani alimwambia nimechoka? Nina miaka hamsini na mbili. Nipumzike nifanye nini, nihesabu vigae vya sakafu?"

Yeye ndiye aliyekuwa anafukuzwa, na mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kiti cha kutazama mashine inayomfukuza. Tulikula.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda sawa. Saa moja kamili visu vilikuwa vimeshaanza kazi. Fundi mkuu wetu anaitwa Kisigino, kwa sababu ukimsalimia anakutazama visigino kwanza ndipo anakuitikia. Yeye aliiamkia tableti yake kila asubuhi.

"Nimesikia," aliiambia.

"Haijasema kitu, mzee," fundi wa jirani akamwambia.

"Ndiyo hivyo. Mama Barua alikuwa hata akipiga chafya tunajua ni ya upande gani. Huyu mwenzetu mpya amenuna tangu amekuja."

Mama mdogo aliyasikia hayo akiwa kwenye meza yake. Kazi iliyobaki kwake ilikuwa kupokea simu, na simu zilikuwa chache. Alichota maji ya kunywa mara nyingi kuliko kiu yake. Kwenda na kurudi alipita katikati ya meza za mafundi.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, niliona kitu kwenye rafu ya viatu vilivyokamilika. Kilikuwa kiatu cha mtoto wa kike wa miaka minane, chekundu, soli ya kulia nene. Ngozi yake niliishona mwenyewe wiki ile. Lakini nilimkumbuka mtoto yule, kwa sababu mwaka jana pia nilimshonea mimi, na mwaka jana nilitumia kipande cha ngozi ukubwa ule ule. Nikatazama kwenye jedwali. Namba thelathini. Nikatafuta ya mwaka jana. Namba thelathini.

Mtoto wa miaka minane, mwaka mzima, mguu haujakua hata kidogo.

Niliipitia rafu jozi moja moja, nikalinganisha na mistari ya zamani. Viatu vingi vilikuwa sawa, yaani wagonjwa wapya au watu wazima ambao mguu umekaa ulivyo. Lakini jozi kumi na moja zilikuwa nakala kamili ya mwaka jana, mpaka tarehe iliyo juu ya fomu. Folda ilikuwa na kila kiambatisho, na jedwali halikukosa mstari. Nilichokuwa nimeambiwa nikitazame kilikuwa sawasawa.

Ndipo nikafungua sanduku la barua, ambalo sikuambiwa nilitazame. Nasoma polepole, kwa hiyo ilinichukua mpaka saa nne. Barua ya mtoto yule ilisema hivi: "Hamjambo wapendwa. Nimeambatisha fomu yake ile ya mwaka jana. Tafadhali fanyeni namba thelathini na mbili, na soli ya kulia ipunguzwe milimita nne." Ya pili ilikuwa na fomu ya zamani na mistari miwili ya marekebisho. Ya tatu vivyo hivyo. Wapimaji wetu hawajazi fomu upya. Miaka yote wamekuwa wakituma ile ile na kuandika mabadiliko kwenye barua yenyewe, maana walijua kuna mtu atawasomea mafundi kila neno. Mashine ilikuwa inachukua kiambatisho, maneno inayaacha pale pale.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nikae na mikono juu ya mapaja. Barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa herufi nene nyeusi. Ikishafunguliwa, herufi zinakuwa nyembamba. Hizi kumi na moja zote zilikuwa nyembamba kabla sijazigusa.

Mkwe alipopita nikamuuliza, kama mtu anayetaka kujifunza.

"Mashine ikichukua kiambatisho, barua inahesabika imefunguliwa?"

"Hapana. Inabaki nyeusi mpaka mtu aifungue kwa mkono. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua."

Wenye neno la siri la sanduku lile tulikuwa wanne. Mwenye karakana hasomi barua tangu nimjue. Mkwe alikuwa anafungua visanduku vyake vya rangi tu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua. Wa nne alikuwa nalo kwenye simu yake, na alikuwa anaamka saa kumi na moja.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikachukua kisu kingine, nikaketi.

"Mama mdogo, yule mtoto wa viatu vyekundu ni wa thelathini na mbili."

Hakuinua uso. "Ndiyo."

"Umeziona barua."

"Nimeziona."

"Zote kumi na moja?"

"Kumi na mbili. Moja imeingia leo mchana. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Sijagusa kitu. Sijafuta, sijaficha. Ziko pale pale, nani kamkataza mtu kusoma?"

"Na Mkwe?"

"Mkwe hakuniuliza." Alikata kiazi vipande viwili, akaviosha. "Nimebakiza siku nane. Watu wataanza kuja kuvaa, viatu vitakataa, na mashine itaonekana yenyewe. Mimi sitakuwa nimesema neno. Na wewe hutakuwa umesema neno. Viatu vinatengenezwa upya, havifi."

"Watu watavivaa kwanza."

"Siku mbili tatu."

Viazi vikaisha. Nikamwambia nitafikiri, naye akasema hilo si la kufikiri, ni la kunyamaza tu, na kunyamaza naweza kuliko mtu yeyote anayemjua. Hakulisema kwa ubaya. Ni kweli naweza.

Nilinyamaza Jumatano nzima.

Alhamisi saa tatu akaja mwalimu wa hesabu. Ni mteja wa zamani, mrefu, mtaratibu, mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kwa sentimita tatu tangu alipopata ajali ya pikipiki. Mwaka huu alikuwa amepasuliwa nyonga, na tofauti ikabaki sentimita moja. Mpimaji aliandika hayo kwenye barua. Fomu ilisema tatu, Kisigino akatengeneza tatu, kiatu kizuri kweli, kisigino kimepakwa rangi mara mbili.

Mwalimu akavaa, akasimama, akashika ukuta.

"Mzee," alimwambia Kisigino, "nilikuja na mguu mmoja mfupi, sasa nina mmoja mrefu."

Mafundi wakacheka. Kisigino hakucheka. Alipiga magoti, akapapasa soli, akaitazama tableti.

"Imeandikwa tatu."

"Tatu ilikuwa zamani. Nimepasuliwa. Mpimaji hakuwaambia?"

"Tembea kidogo nikuone."

Mwalimu akatembea mpaka dirishani na kurudi. Alikuwa anajitahidi asionekane kuumia. Kila hatua ya kulia mkono wake ulikwenda kwenye nyonga na kurudi. Mama mdogo alikuwa mezani kwake, macho kwenye simu isiyolia. Nilimtazama mwalimu hatua kumi na nne, kisha nikainuka nikaenda kwa Mkwe.

"Barua zina maneno, Mkwe."

"Maneno gani?"

"Ya ndani. Juu ya kiambatisho."

Nikamfungulia ya mwalimu. Akasoma. Nikamfungulia ya mtoto. Akasoma. Kufika ya tano alikuwa ameshavua saa ya mkononi na kuiweka mezani.

"Kisanduku changu kinachukua kiambatisho tu."

"Ndiyo."

"Maneno sikuyapa pa kwenda."

"Hukuyapa."

Akapiga simu kituo kilichotuma barua ya mwalimu, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Kwa nini mnatutumia fomu za zamani, dada?"

"Fomu ni kurasa nne, kaka," mpimaji akasema. "Nina wagonjwa thelathini hapa nje. Nikimwandikia Mama Barua mistari miwili huwa inatosha. Kwani hayupo?"

"Yupo," Mkwe akasema.

Mwenye karakana akaitwa. Tukasimama ofisini, Mkwe, yeye, Kisigino na kiatu cha mwalimu mkononi, mimi, na mama mdogo aliyebaki amekaa. Kupitia mlango tulimwona mwalimu kwenye benchi, amevaa soksi, anasoma bango la ukutani.

"Naweza kuiambia mashine impelekee fundi na maneno pia," Mkwe akasema.

"Sisomi bila miwani," Kisigino akasema, "na miwani sivai."

"Na kila barua ina salamu," nikasema. "Mashine haitajua ipi ni salamu na ipi ni kipimo. Weka kisanduku cha kungoja. Katikati ya cha tatu na cha nne. Barua ikifika pale isimame, isiende kwa fundi mpaka mtu aisome, aandike mabadiliko kwenye jedwali, abonyeze kwamba imesomwa."

Mkwe akanitazama. "Kipo kisanduku cha namna hiyo."

Nilijua kipo. Nilikiona Jumatano, nilipokuwa nimenyamaza. Siku nzima nilikuwa nakitazama na kufikiri kwamba kisanduku cha kungoja kinahitaji mtu, na mtu mwenyewe tunaye, na kwa njia hiyo viatu vitakuwa sawa, mama mdogo atabaki, na lile jingine halitahitaji kusemwa.

"Sasa mtu wa kusoma ni nani?" mwenye karakana akauliza.

Mkwe hakuchelewa. Kwa hilo namsifu.

"Ni Mama Barua. Nilikosea, Mama. Niliona dakika, sikuona kazi. Angekuwa anasoma yeye, haya yasingetokea. Abaki."

Ndicho alichokuwa anataka mama mdogo, na alikipata siku sita kabla ya hesabu yake. Nilimwangalia. Alikuwa anamwangalia Kisigino, ambaye alikuwa anakigeuza kile kiatu, anasugua rangi ya kisigino kwa kidole gumba.

"Nilikuwa nazisoma," mama mdogo akasema.

"Tunajua," mwenye karakana akasema. "Miaka yote."

"Mwezi huu. Nilizisoma zote mwezi huu. Kila siku alfajiri, kwenye simu. Ya mwalimu niliisoma wiki mbili zilizopita."

Kisigino ndiye aliyeanza.

"Mama Barua. Mimi nimekaa na kiatu hiki siku nne."

"Najua."

"Ulikuwa unanipita kwenda kuchota maji."

"Nilikuwa nakupita."

"Ungesema tu, 'Fundi, moja.' Neno moja."

"Ningesema neno moja, ningekuwa nyumbani leo."

Kisigino akakiweka kiatu juu ya meza yake mama mdogo, taratibu, soli chini, akatoka kwenda kumwambia mwalimu asubiri. Mkwe akafungua mdomo, mwenye karakana akamwashiria aache. Alivuta kiti akaketi karibu na mama mdogo. Wamejuana kabla karakana haijawa na mlango.

"Ningekusamehe mashine," akamwambia. "Ungeipiga nyundo ningekusamehe. Lakini wale watu hawakukukosea."

"Hawakunikosea."

"Utabaki mpaka jozi zote zitengenezwe upya. Utawapigia simu wewe. Baada ya hapo utapumzika."

Safari hii neno halikuwa na upole ndani yake, wala ubaya. Mama mdogo akauliza orodha iko wapi, nikamchapishia.

Aliwapigia wote siku ile ile, kumi na wawili. Nilikuwa karibu naye nikitengeneza kisanduku cha kungoja, Mkwe akinielekeza wapi pa kuvuta mshale, kwa hiyo nilisikia. Kwa kila mtu alisema barua ilifika, ilisomwa, na haikufikishwa kwa fundi, na aliyeisoma ni yeye. Wengine walimuuliza afya yake. Mama wa yule mtoto alikuwa na maneno makali, mama mdogo akayasikiliza mpaka mwisho bila kuondoa simu sikioni, kisha akamwambia aje Jumatano na soksi nene.

Kazi ya kutengeneza upya ilichukua siku tisa. Kisigino aliongea naye siku ya tano, kuhusu uzi. Nyumbani mama mdogo hakunisema kwa lolote, wala hakunishukuru kwa kutomtaja. Tulifua, tukapika, tukazima taa. Siku ya tisa alichukua mkoba wake na miwani, akawaaga mafundi mmoja mmoja, akatoka saa tisa mchana kama mtu anayekwenda posta.

Kisanduku cha kungoja kilipewa jina langu. Mkwe alisema kusoma polepole si hasara kwenye kazi ile, na vituo viliandikiwa kwamba wazidi kuandika kama walivyozoea, lakini fomu zijazwe upya. Mpaka leo ni vituo viwili tu vinavyojaza.

Jumatatu ya kwanza nilirudi nyumbani nikamkuta anakunja nguo.

"Zimekuja ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Zenye maneno?"

"Tatu."

Alikunja shati, akanyoosha kola. Nilimwona anapiga hesabu ni akina nani, anawajua wote kwa namna wanavyoandika.

"Yule dada wa kituo cha mjini lazima yumo. Hawezi kutuma fomu tupu yule. Ameandika nini?"

"Siwezi kukuambia, Mama mdogo. Ni za wagonjwa."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akachukua shuka.

"Ni kweli," akasema. "Chukua ncha hiyo ya shuka, tukunje."